Aliyealikwa Kuvuta Pumzi

Mgeni alibisha mlango Radi akiwa katikati ya hotuba ya kuiaga bendi, tena amefika pale patamu, pale pa kusema kwamba msanii wa kweli si mali ya kikundi.

Hotuba hiyo wenzake waliijua kwa moyo. Waliisikia kabla ya albamu yake ya kwanza ya kujitegemea, iliyoitwa *Mimi*, wakaisikia tena kabla ya ile ya pili, *Mimi Tena*. Sasa ilikuwa zamu ya *Ndani Yangu Mimi*, na Radi alikuwa ameongeza sehemu nzima kuhusu upweke. Mpiga gitaa alikuwa akikaza nyuzi ambazo hazikulegea. Mpiga besi, dada wa maneno machache ambaye mchana humshikia taa daktari wa meno, alikuwa amefumba macho kwa heshima au kwa usingizi. Mpiga ngoma, ambaye ni kaka wa mke wa Radi, alikuwa ameketi na vijiti mapajani kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

Bendi iliitwa Mabati, na ilikuwa ikipiga roki tangu enzi ambazo wote bado walikuwa na nywele. Walifanyia mazoezi nyuma ya karakana ya shemeji, anamoshonea magodoro. Kuta zote zilikuwa zimefunikwa vipande vya sponji ili majirani wasilalamike, na mtu akizungumza humo, maneno yake hufia puani pake. Kwenye zulia, mbele ya ngoma, palikuwa na kipara cha ukubwa wa sinia. Hapo ndipo Radi alipozoea kusimama. Kila alipoondoka kwenda kuwa yeye mwenyewe, alibeba stendi yake ya maikrofoni begani, na mpiga besi akaweka chupa yake ya chai pale kwenye kipara. Aliporudi na stendi begani, mpiga besi aliiondoa chupa. Sherehe za kumkaribisha ziliishia hapo.

Shemeji alimkaribisha mgeni. Alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vyeupe vya raba, kitambulisho cha hospitali kikining'inia shingoni, na jasho la mtu aliyeuliza njia karakana zote za mtaa ule. Radi alimtazama, akajua mara moja kwamba ni shabiki. Aligeuza uso upande wa kushoto, ule unaopendeza pichani, akaanza kujipapasa mifuko kutafuta kalamu.

"Hujachelewa, dada," alimwambia kwa upole. "Bado nipo."

Mgeni aliwasalimu wote mmoja mmoja, akaomba radhi kwa kuwakatiza, kisha akauliza, "Samahani, nani kati yenu ndiye anayevuta pumzi?"

Mpiga besi akafumbua macho. "Sote tunajitahidi," akasema.

Ndipo mgeni akaeleza. Alikuwa mwalimu wa usemi katika wadi ya wagonjwa wa kiharusi. Kazi yake ni kuwarudishia maneno watu ambao wameamka siku moja na kukuta hawana hata moja. Baadhi yao, alisema, hawawezi kuomba maji, lakini ukiwapigia wimbo wanaoupenda huimba kila neno bila kukwama, kwa sababu nyimbo hukaa chumba kingine kichwani. Mwalimu hushika wimbo huo kama kamba, akamvuta nao mgonjwa polepole mpaka kwenye maneno ya kawaida.

Alikuwa na mgonjwa mmoja aliyemshinda. Huyu alikuwa dalali wa mnada, mtu aliyeishi kwa mdomo tangu ujana, aliyeweza kukuuzia kabati lako mwenyewe ukashukuru. Sasa alichobaki nacho kilikuwa "ta, ta, ta". Wamempigia nyimbo za kila namna akawatazama tu. Halafu siku moja redio ya wadi ikapiga "Fungua Dirisha", wimbo wa zamani wa Mabati, na dalali akafungua mdomo pamoja na mwimbaji na kutoa neno zima. *Fungua*. Baada ya hapo akanyamaza, akawa anasikiliza.

Radi alikuwa ameshika kifua. Macho yalimlowa. Akauliza anatakiwa afanye nini, na kabla hajajibiwa akasema atafanya.

Mwalimu akasema Jumamosi dalali anarudishwa nyumbani. Mke wake atakuja kumchukua, na tangu ugonjwa uanze hajamsikia akisema jambo. Angependa bendi ije wadini asubuhi hiyo ipige wimbo ule mmoja, na yeye aurekodi kwenye simu, ili mzee aende nao nyumbani aendelee kujifunza.

"Nitakuja," alisema Radi. "Na nitafanya vile vile utakavyosema. Neno langu hilo, dada. Hawa ni mashahidi."

"Ahsante sana," alisema mwalimu, na uso wake ukang'aa kiasi kwamba mpiga gitaa naye akatabasamu. "Basi usiimbe."

Maneno yakafia kwenye sponji.

"Nisiimbe nini?"

"Usiimbe kabisa, kaka. Tatizo ni sauti yako. Akiisikia anakuachia wewe kazi. Ninachohitaji ni muziki, na ile pumzi yako kubwa kabla hujaanza kila ubeti. Akisikia ile pumzi, mdomo wake unafunguka wenyewe. Ukishaivuta, uache."

Alikuwa amejaribu njia nyingine, maskini. Alivuta pumzi yake mwenyewe, akamwomba muuguzi, akamwita hata mlinzi wa lango mwenye pumu. Dalali aliwatazama kwa huruma. Na kuikata sauti kwenye rekodi hakuwezekani, kwa sababu ukiipunguza sauti unapunguza na bendi. Halafu kuna lile pengo refu kabla ya pumzi, alisema. Lile ni dawa kabisa, linampa mgonjwa nafasi ya kujikusanya. Mwenzake mmoja hospitalini anayejua muziki amelisikiliza na kumwambia kwamba mwimbaji alichelewa kuingia, wenzake wakazunguka, wakarudia kipande kile kile mara ya pili kumsitiri, na kosa likageuka neema. Alilisema hilo kwa furaha, kama anayempongeza.

Mpiga gitaa akagundua kwamba nyuzi zake zimelegea kweli, akainama.

Pengo lile Radi alikuwa akiliita ukimya wa kisanii. Alikuwa ameliongelea redioni, gazetini, na mara moja msibani. Alisubiri mgeni aage, akasubiri mlango ufungwe, ndipo akamgeukia kaka wa mke wake.

"Shemeji, ni kweli?"

Shemeji aliviweka vijiti chini kwanza. "Siku ile tunarekodi," alisema, "ulikuwa unajitazama nywele kwenye kioo cha studio. Ikafika zamu yako, hukuingia. Tukazunguka. Tangu siku hiyo sisi tunatazama mabega yako. Yakipanda tunajua unakuja. Yasipopanda, tunazunguka tena."

"Nyimbo zote?"

"Zote."

"Na hamkuniambia?"

"Ungeanza kuhesabu," alisema mpiga besi. "Tuliwahi kukusikia ukihesabu."

Radi hakubeba stendi siku hiyo. Alitembea hadi kwake akiwa na *Mimi* na *Mimi Tena* kichwani, na kwa mara ya kwanza alizisikia kama walivyozisikia wengine. Kwenye *Mimi* alikuwa amekodi wapiga fidla wenye tai, watu wanaofuata karatasi. Kwenye *Mimi Tena* alikuwa amekodi mashine. Wapiga fidla hawakujua habari za mabega, wala mashine. Mhakiki mmoja alikuwa ameandika kwamba kwenye nyimbo hizo Radi anasikika kama abiria anayekimbilia basi huku akilipigia kelele lisimame, naye alikuwa amemjibu mhakiki yule kwa makala ndefu yenye kichwa "Muda Ni Nini?"

Nyumbani alimkuta mke wake anakunja nguo, akamsimulia habari ya hospitali, ile ya kioo akaiacha.

"Kwa hiyo umealikwa ukae kimya," alisema mkewe.

"Nimealikwa kuvuta pumzi."

"Na umekubali."

"Nimeahidi."

Mkewe alimtazama jinsi mtu anavyomtazama paka anayefua. Halafu akampa soksi azipange, akasema kwamba hilo likifanyika, yeye mwenyewe atakuja kulishuhudia.

Mambo yangekuwa mepesi kama si meneja mpya. Huyu alikuwa meneja wa *Ndani Yangu Mimi*, kijana aliyevaa miwani ya jua kwenye paji la uso hata ndani ya nyumba na aliyeita kila kitu "fursa". Aliposikia wadi, wagonjwa na mzee aliyepoteza usemi, alikaa kimya kwa heshima fupi sana, kisha akapiga simu. Kufikia kesho yake kipindi cha televisheni cha Jumamosi asubuhi kilikuwa kimekubali kurusha tukio moja kwa moja kutoka wadini. Wafadhili wa ziara ya Radi, wale waliokuwa wanasuasua kuweka sahihi, wangekuwa mbele ya runinga zao wakimtazama. Mistari michache tu ya sauti, alisema meneja. Waone kwamba bado ipo. Ukumbi baada ya ukumbi unakungoja, bro.

Radi alitaka kumwambia kwamba haimbi. Alifungua mdomo kabisa. Lakini alikuwa ameshaliona jukwaa la ziara ile, na taa zake, na bango lenye uso wake wa kushoto, na maneno yakamkwama kooni kama ya dalali. Akapata njia ya katikati, kama wapatavyo watu wa namna yake. "Fungua Dirisha" una beti tatu. Mbili atampa mgonjwa. Wa tatu, mzee akiwa ameshapata alichotaka, atauimba yeye, kwa sauti ya chini, kwa ajili ya wote. Kwa kulipindua jambo hili kichwani aliona kwamba hata si kuvunja ahadi. Ilikuwa karibu zawadi.

Jumamosi wadi ilinuka sabuni na chai. Vitanda vilikuwa vimesogezwa ukutani, na wagonjwa waliokuwa na uwezo wameketi kwenye viti katikati, wengine na mashuka magotini. Shemeji alikuwa amezifunika ngoma zake kwa sponji ya magodoro ili zisimshtue mtu. Mke wa Radi alisimama karibu na mlango, mkoba umekumbatiwa. Mpiga picha wa televisheni alitafuta pa kusimama, akamkanyaga mgonjwa mmoja kandambili, akaomba radhi. Mtangazaji aliyepakwa poda mpaka masikioni aliieleza kamera kwamba leo nyota mkubwa ameshuka kwa wanyonge.

Dalali alikuwa amenyolewa ndevu na kuvalishwa koti. Mke wake, mama mfupi mwenye mikono ya mtu asiyekaa bure, alikuwa ameketi kando yake na mfuko wa nguo zake tayari miguuni. Radi alikwenda kumsalimia mzee mbele ya kamera, akainama, akampa mkono. Dalali aliushika akaung'ang'ania. Alimtazama usoni, akakusanya midomo, shingo ikamsimama mishipa, na kikatoka kile kile. Ta. Ta, ta. Alipiga goti lake kwa hasira, akajaribu tena, na tena ikawa ta. Mke wake alimpangusa kidevu bila kumtazama, kama anayefanya jambo ambalo amelifanya mara nyingi na hataki mtu alione.

Radi, ambaye hakuwahi maishani mwake kutafuta neno akalikosa, alirudi kwenye stendi yake akiwa amesahau kugeuza uso upande.

Mwalimu akaiweka simu yake juu ya kiti, akabonyeza, akamwitikia shemeji kwa kichwa. Vijiti vikagongana. Gitaa likaingia, besi ikafuata, wimbo ukaanza kuzunguka. Radi akavuta pumzi.

Dalali alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Bendi ikaendelea. Ubeti mzima ulipita mtupu, na kwenye televisheni, nchi nzima ikitazama, alionekana mwimbaji maarufu amesimama mbele ya maikrofoni, midomo imefungwa kama mtoto aliyekataa dawa. Mtangazaji alikunja uso. Nyuma ya mpiga picha, meneja alikuwa akisukuma hewa kwa mikono miwili kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Mke wa dalali akainamisha macho kwenye mfuko wa nguo.

Radi alijua amekosea wapi. Pumzi ile ilikuwa ya kuibia, ndogo, ya mtu anayeitunza hewa kwa ajili ya ubeti wa tatu. Kwenye rekodi alivuta kama mtu anayetoka chini ya maji. Alitazama mabega ya dalali, vile vile ambavyo wenzake wamekuwa wakitazama yake miaka yote hiyo bila yeye kujua, akaona yametulia, yanangoja. Ubeti wa pili ukakaribia. Zamu ikafika, ikapita, besi ikazunguka kumsubiri, na Radi akavuta pumzi kwa kifua, kwa tumbo, kwa kila alichokuwa nacho, mpaka maikrofoni ikalia.

Mabega ya dalali yakapanda.

"Fungua dirisha, mama, nipate hewa," akaimba.

Sauti ilikuwa ya kukwaruza na haikuwa kwenye noti yoyote inayojulikana, na iliingia kwa kuchelewa, pale pale ambapo Radi huchelewa. Lakini maneno yalikuwa mazima. Akaendelea mpaka mwisho wa ubeti, kuta, dirisha, hewa, mama, kila moja mahali pake. Mke wake aliinua uso, akauficha kwa viganja, kisha akavitoa viganja haraka kwa kuogopa asije akakosa kuona. Mwalimu alikuwa analia na kuitazama simu yake kwa pamoja. Hata mpiga besi alipiga noti moja isiyokuwamo.

Ukabaki ubeti wa tatu, ule wa Radi.

Kamera ilikuwa imerudi kwake, karibu sana, taa yake nyekundu inawaka. Meneja alikuwa ameinua kidole kimoja, midomo ikisema *sasa*. Radi aliusikia wimbo umeshamjaa kooni. Angeweza kuuimba usingizini, na siku hiyo angeuimba vizuri kuliko siku zote, alilijua hilo kama mtu anavyojua kwamba mvua inakuja. Akamtazama shemeji. Shemeji hakuwa anatazama kamera wala meneja. Alikuwa anatazama mabega.

Radi akavuta pumzi, akaishikilia, akafunga mdomo.

"Twende nyumbani, mama," akaimba dalali, na hayo hayakuwa maneno ya wimbo. Alikuwa ameyatia mwenyewe ndani ya sauti ya wimbo, huku amemgeukia mkewe. Kisha akanyoosha kidole kuelekea bendi, mtangazaji na kamera, wote kwa pamoja. "Twende nyumbani, nimechoka na hawa."

Wadi nzima ikacheka, hata wale wasioweza kucheka vizuri. Mke wake alisema ndiyo baba, ndiyo, tunakwenda, na akaanza kumfunga vifungo vya koti ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

Mtangazaji aliieleza kamera kwamba bila shaka nyota wetu amepatwa na tatizo la koo, lakini bado ana dakika moja ya hewani ya kutuonjesha albamu mpya. Alimsogezea Radi kipaza sauti chenye nembo. Nyuma yake meneja alikuwa na simu sikioni. Alikuwa anasema ndiyo, naelewa, ndiyo mkubwa, kwa sauti ya mtu anayesikiliza ziara ikifutwa, na mkono wake wa pili ulikuwa bado unamsihi Radi, imba basi, chochote, hata kibwagizo.

Wakati huo huo mwalimu wa usemi alimshika Radi kiwiko. Alisema samahani, ubeti wa kwanza umerekodiwa mtupu, na mzee atauhitaji nyumbani. Halafu yule mama wa kitanda cha pembeni, ambaye hajatoa hata ta tangu aletwe, ametikisa mguu kwenye ubeti wa tatu. Kama ingewezekana wakarudia mara moja tu, tangu mwanzo.

Radi aliutazama mlango. Mke wake alikuwa amesimama pale pale, mkoba umekumbatiwa, na alikuwa anamtazama kama paka amemaliza kufua na sasa anaanika.

Akakisogeza kando kile kipaza sauti chenye nembo. Akaibeba stendi yake begani, na mpiga besi, kwa mazoea, akatupa macho kutafuta chupa ya chai. Lakini Radi alikwenda nayo hatua chache tu, akaiweka mbele ya kitanda cha pembeni, akaipa kamera mgongo.

"Shemeji," alisema, "twende."

Vijiti vikagongana. Gitaa likaingia, besi ikafuata. Zamu ikafika, ikapita, na bendi ikazunguka mara nyingine ikimsubiri. Radi akainua mabega, akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo, akanyamaza.